Likizo ya kwanza ya wenzi katika nchi ya asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wawili walioamua kwenda pamoja, kwa mara ya kwanza, katika nchi ulikotoka ukoo wa mmoja wao au wa wote wawili. Wengine ni wajukuu wa mtu aliyehama kutafuta kazi, wengine wazazi wao walikimbia vita, wengine mababu zao walichukuliwa kwa minyororo. Majibu yanawahusu nyote wawili. Yule ambaye asili si yake ndiye husahaulika kwenye mipango ya namna hii, na likizo nyingi huharibikia hapo.

Tuanze na tiketi au tuanze na wazee?

Anzeni na wazee. Tiketi hata mwakani zitakuwepo. Mzee wa miaka 85 pengine hatakuwepo. Mpigieni simu, au bora zaidi nendeni mkakae naye, na msimwombe awasimulie "historia ya ukoo". Swali pana kiasi hicho humchosha, na mara nyingi huishia kusema mambo ni mengi. Mwulizeni vitu vinavyoshikika. Maji mlikuwa mkichota wapi? Siku ya soko ilikuwa ipi? Jirani mwenye duka aliitwa nani? Nani aliondoka mwisho, na alipitia bandari gani? Nani kule bado hupiga simu? Jina la mto, au la kanisa, msikiti au hekalu la jirani, litawafikisha mahali ambapo jina la wilaya peke yake haliwafikishi.

Ombeni ruhusa ya kumrekodi. Kisha mwombeni atoe picha za zamani, na mzigeuze. Nyuma ya picha ya studio mara nyingi kuna muhuri wa mpiga picha wenye jina la mji, pengine na tarehe kwa penseli na maneno mawili kwa mwandiko wa mtu ambaye hayupo tena. Pigeni picha pande zote mbili. Bahasha nazo zisitupwe: muhuri wa posta hutaja ofisi mtumaji alikopeleka barua, na kwa kawaida ofisi hiyo haikuwa mbali na nyumbani.

Kabla ya kuaga, ulizeni jambo moja zaidi: kuna mtu au mahali ambapo asingependa mfike? Kuna familia zilizoachana kwa ugomvi wa ardhi au wa ndoa, na ninyi mtafika mkiwa mmebeba jina la upande mmoja. Ni afadhali mlijue hilo mkiwa bado nyumbani.

Jina la kijiji tunalo, ila kwenye ramani halipo. Tufanyeje?

Mipaka huhama, na majina hubadilika pamoja na watawala. Mji mmoja uliitwa Lemberg chini ya Austria, Lwów chini ya Poland na Lvov enzi za Wasovieti, na leo ni Lviv nchini Ukraine. Mjukuu mwenye karatasi nne za zamani anaweza kudhani ukoo wake ulitoka miji minne. Kwa hiyo andikeni kila tahajia mnayokutana nayo, pamoja na jinsi bibi alivyolitamka jina lenyewe, kisha tafuteni kwenye ramani za wakati ule alipoondoka, siyo za leo tu. Tahadharini pia na vijiji vyenye jina moja. Mto na soko alivyotaja mzee ndivyo vitakavyowaonyesha kipi ni chenu.

Jina la ukoo nalo lina mambo yake. Familia nyingi za Marekani husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Ukweli ni kwamba orodha za abiria ziliandikwa na makampuni ya meli bandarini walikoondokea, na maofisa wa Ellis Island walizisoma tu. Wengi walibadili majina wenyewe baadaye, kazini, shuleni au walipoomba uraia. Kwa hiyo tafuteni jina la zamani kwenye daftari la bandari ya kuondokea.

Nyaraka tuzitafute tukiwa likizo?

Zitafuteni kabla ya kuondoka, halafu kule mtenge siku moja tu ya nyaraka. FamilySearch, mtandao unaoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haulipishwi, na una rejista za ubatizo, ndoa na vifo kutoka nchi nyingi. Ireland imeweka sensa zake za 1901 na 1911 mtandaoni bure. Za nyuma ya hapo karibu zote zimepotea. Baadhi ziliteketezwa kwa amri ya serikali, nyingine ziliungua Juni 1922 ofisi ya nyaraka za umma ya Dublin iliposhika moto wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa wazao wa waliofanywa watumwa Marekani, ukuta mgumu ni mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika wengi wao kwa majina. Katika sensa za 1850 na 1860, majedwali ya watumwa yana jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi, bila jina la mtu mwenyewe. Hifadhidata ya SlaveVoyages ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa, zikiwa na bandari na miaka. Haitawapa jina la babu, lakini inaweza kuwaonyesha ni pwani zipi ziliunganishwa na bandari alikoshushwa.

Mkiamua kwenda kwenye ofisi ya nyaraka, andikeni barua pepe wiki kadhaa kabla. Nyingi hutaka miadi na kitambulisho, na mafaili mengine huletwa kutoka ghala la mbali. Yule mwenzi ambaye ukoo si wake asilazimishwe kushinda humo. Kama hajapenda kazi hiyo, aende makumbusho au alale.

Kipimo cha DNA kitatuambia twende wapi?

Kwa kiasi kidogo. Asilimia zile za asili hupatikana kwa kulinganisha DNA yako na ya makundi ya watu wa leo ambao kampuni inayo kwenye hifadhi yake, ndiyo maana kampuni mbili huweza kutoa majibu tofauti, na hata ndugu wa baba na mama mmoja hupata asilimia zisizofanana. Chenye faida zaidi kwa msafiri ni orodha ya jamaa waliolingana nawe: binamu wa mbali aliyehai, anayejua kijiji kwa jina. Fahamuni pia hatari yake. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti za 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, na kupata taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Taarifa hizo za DNA ni za ndugu zako pia, kwa hiyo waulizeni kwanza.

Kwa kuwa asili yangu ni ya kule, nahitaji viza?

Asili peke yake haikufungulii mpaka. Kinachofungua ni karatasi, na kila nchi ina yake. Mtu mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland anaweza kuomba uraia kwa kujiandikisha kwenye rejista ya waliozaliwa nje. Italia, iliyokuwa ikitambua uraia wa asili kwa kurudi nyuma vizazi vingi, ilibana sheria yake mwaka 2025, na sasa kwa ujumla haivuki mzazi na babu au bibi. India haikubali uraia pacha, lakini tangu 2005 hutoa kadi ya OCI inayomwezesha mwenye asili ya nchi hiyo kuingia mara nyingi maisha yake yote. Ghana, kupitia sheria ya uhamiaji ya mwaka 2000, imeweka haki ya ukaazi kwa watu wenye asili ya Afrika walioko ughaibuni.

Yote hayo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Kwa safari ya kwanza ombeni viza ya kawaida ya matembezi, na ombi la uraia liende kwa mwendo wake. Kumbukeni kwamba mnaomba viza mbili, na masharti huenda yasifanane kama pasipoti zenu ni za nchi tofauti. Angalieni ya yule mwenye masharti magumu zaidi, ndipo mpange tarehe. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi sita zaidi. Anayeomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, lazima awe na bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000.

Nina pasipoti mbili. Nitumie ipi?

Nchi nyingi humtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasipoti yake. Marekani ni mojawapo. Ulizeni mapema kama nchi ya asili inakuhesabu raia hata kama hujawahi kuomba, kwa sababu hilo linaweza kuleta wajibu. Wanaume waliorithi uraia wa Korea Kusini kwa mzazi, kwa mfano, wanaweza kudaiwa utumishi wa jeshi. Tena ukiwa ndani ya nchi inayokuhesabu raia wake, ubalozi wa nchi yako nyingine una uwezo mdogo wa kukusaidia.

Wazazi wangu walikulia kule. Chanjo na dawa za malaria zinanihusu?

Zinakuhusu kuliko mtalii mgeni, na hapa naomba msome kwa makini. Madaktari wa wasafiri wanalijua vizuri kundi la watu wanaokwenda kuwatembelea jamaa: hao huugua malaria na homa ya matumbo kwa wingi kuliko watalii, kwa sababu wanakwenda bila ushauri wa daktari, wanakaa muda mrefu zaidi, wanalala majumbani badala ya hotelini, na wanaamini damu yao itawakinga. Kinga ile ya sehemu aliyonayo mtu mzima anayeishi kwenye malaria huja kwa kuambukizwa mara kwa mara, na hupungua mtu akihama. Aliyezaliwa nje hana kabisa. Nendeni kliniki ya wasafiri wiki sita au nane kabla, nyote wawili, na mtaje kwamba mtalala kwa jamaa.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo cha zamani hakihitaji kurudiwa. Kama mmoja wenu ni mjamzito au mnapanga mimba, mwambieni daktari kabla ya kuchagua dawa na msimu. Na homa ikija baada ya kurudi, hata miezi kadhaa baadaye, mtajieni daktari nchi mliyotoka siku hiyo hiyo. Malaria ikicheleweshwa huua.

Twende kwa muda gani, na siku tuzigawe vipi?

Kama ndege ni ya saa nyingi, chini ya siku 10 ni kujichosha. Ushauri wangu ni kwamba siku mbili au tatu za mwanzo ziwe zenu peke yenu, katika mji mkuu au mji wowote wenye utulivu, mlale na mzoee saa za huko. Kukutana na watu wa ukoo huku macho mekundu na tumbo halijatulia si haki kwenu wala kwao. Waambieni jamaa wazi: tunatua Jumatano, kwenu tunafika Jumamosi.

Kisha mpeni ukoo siku zake, na zisizidi nusu ya safari. Siku za mwisho ziwe tena za ninyi wawili, mahali katika nchi hiyo pasipo na kaburi la mtu wenu wala shangazi. Wengi huona huu ni ubinafsi. Mimi naona ndipo safari inapokuwa likizo, na ndipo mnapopata nafasi ya kuzungumza juu ya yale mliyoyaona. Tena ni vizuri mwenye asili aijue nchi hiyo nje ya kijiji kimoja: bahari yake, vilima vyake, vijana wake wasiomjua.

Tulale kwa jamaa au hotelini?

Swali hili ndilo linaloleta maneno mengi kuliko yote. Kukataa kulala nyumbani kunaweza kuwaumiza waliowaandalia chumba, na kukubali kulala wiki nzima kunaweza kuwamaliza ninyi. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kulala kwao usiku mmoja au mbili za mwanzo, kwa moyo wote, kisha kuhamia nyumba ya wageni iliyo karibu na kurudi kila siku. Sababu itolewe na mwenye ukoo, kwa lugha yao ikiwezekana, na aitoe kabla ya kufika. Kamwe isitupiwe mwenzi, eti "hawezi kulala hapa". Maneno hayo yakishatamkwa, mwenzi atabaki nayo katika ukoo huo miaka mingi.

Mkilala kwao, fikirieni gharama zao. Mwenye nyumba huenda amekopa ili mle vizuri. Mtafuteni jamaa mmoja mnayemwamini, mumwulize kimyakimya ni namna gani ya heshima ya kuchangia.

Mwenzi wangu si wa asili hiyo. Nimsaidieje asijione mzigo?

Fikiria sebule yenye watu kumi na zaidi. Mjomba anasimulia, wote wanacheka, nawe unacheka mpaka machozi. Kando yako mwenzi wako ameshika glasi ambayo imeshakuwa ya vuguvugu, anatabasamu kwa kuwa wengine wanatabasamu, na hii ni saa ya tatu. Kila aliyemgeukia amemwuliza swali lile lile: mmepata watoto? Usiku mkifika chumbani, wewe umejaa furaha na yeye hana nguvu ya kusikiliza. Hapo hakuna aliyekosea.

Haya yanapangika. Kubalianeni nani atatafsiri, na kwamba asiwe wewe kila wakati; karibu kila familia ina kijana anayejua lugha zote mbili na anayependa kupewa kazi hiyo. Kubalianeni ishara ya "nimechoka", na ishara ikitolewa iheshimiwe ndani ya muda mfupi bila mjadala. Mpe mwenzi kazi yake mwenyewe yenye maana: kuandika majina ya watu na nani mtoto wa nani, au kupiga picha za wazee mmoja mmoja. Mwenye daftari hukaribishwa na kila mtu, na maswali yake huwa na sababu. Ajifunze salamu na namna ya kumwita mkubwa kwa heshima kabla ya kusafiri. Hata akikosea matamshi, watu huona jitihada.

Mwenzi naye ana wajibu. Usiku, mkiwa wawili, atasema alichokiona kigumu. Mbele ya watu atanyamaza. Na ajue kwamba mwenye asili ana jeraha lake ambalo halionekani. Alikozaliwa aliulizwa maisha yote ametoka wapi, sasa amefika kwao na muuza duka amemtambua kwa lafudhi kuwa ni mgeni. Siku hiyo hahitaji kuchekwa wala kuelezwa. Anahitaji mtu wa kutembea naye.

Kama nyote wawili mna nchi za asili, na ni tofauti, msizibane kwenye safari moja. Ya pili itapata mabaki ya pesa na ya uvumilivu.

Zawadi na maombi ya fedha tuyashughulikie vipi?

Tengeni mafungu mawili kabla ya kuondoka: la likizo na la ukoo. La pili mlikubaliane wote wawili kwa kiasi kamili, hata kama fedha ni za mmoja, maana ugomvi wa wenzi katika safari hizi mara nyingi huanzia kwenye ahadi iliyotolewa na mmoja. Ombi likija, jibu la adabu ni kwamba mtazungumza wawili mkirudi nyumbani, na mkirudi mzungumze kweli na mjibu. Kwa zawadi, ulizeni orodha ya watu wa nyumbani ili asirukwe mtu, hasa mlezi wa mzee au mke wa mtoto wa mwisho. Mkivuka mipaka ya Umoja wa Ulaya na fedha taslimu zinazofika euro 10,000, au ya Marekani na zinazozidi dola 10,000, mnapaswa kuzitangaza forodhani.

Wametaja shamba la babu. Tusaini?

Hapana, si kwenye safari hii. Sikilizeni, shukuruni, pigeni picha ya hati, na mtafute wakili wa kwenu wenyewe baadaye. Nchi kadhaa haziruhusu asiye raia kumiliki ardhi. Mwenye kadi ya OCI, kwa mfano, haruhusiwi kununua shamba la kilimo India.

Hatujaoana. Ni tatizo?

Kisheria inategemea nchi. Kuna ambako hoteli huomba cheti cha ndoa, na kuna ambako sheria huadhibu uhusiano wa jinsia moja. Someni ushauri wa wizara yenu ya mambo ya nje kabla ya kulipia chochote. Kwa jamaa, mwenye ukoo azungumze nao mapema na akubali vyumba viwili kama ndivyo nyumba ilivyo. Siku chache hazivunji kitu.

Hakuna jamaa aliyebaki, au hatumjui hata mmoja. Bado tuende?

Nendeni. Mtafuteni kiongozi wa dini au mwalimu mstaafu wa eneo hilo. Hao hujua koo. Tembeeni makaburini asubuhi, mkiwa na kitambaa na maji, na msisugue jiwe kwa brashi ya chuma wala kemikali. Majina yakisomeka vibaya, mwanga wa tochi ulioshikwa kwa pembeni huyainua herufi.

Kwa wazao wa waliochukuliwa utumwani, mahali pa kufikia mara nyingi ni ngome na siyo kijiji. Elmina, nchini Ghana, ilijengwa na Wareno mwaka 1482, na watu wengi walifika huko mwaka 2019, serikali ya Ghana ilipowaalika wazao miaka 400 baada ya Waafrika kufikishwa Virginia. Msipange kitu kingine mchana wa siku hiyo. Mmoja anaweza kulia na mwingine akakosa hata neno, na ikiwa mababu wa mwenzi walikuwa upande wa wenye meli, zungumzeni hilo kabla ya kuingia langoni.

Na kama nikifika nisihisi kitu?

Hutokea, hata kwa walioitamani safari hiyo tangu utotoni. Uchovu, joto au baridi, watu wengi mfululizo, na kujitazama kila dakika kama umeguswa, vyote huziba. Mwenzi asikuulize kila jioni unajisikiaje. Wengine hulia wiki tatu baadaye wakipanga picha, wengine hawalii kabisa na bado hurudi tena kwa hamu.

Tukirudi, kuna la kufanya haraka?

Ndani ya wiki ya kwanza, andikeni majina kwenye picha kabla hayajachanganyika, na mhifadhi nakala sehemu mbili. Watumieni jamaa picha zao, za kuchapishwa kwa wale wasio na simu nzuri. Mpelekeeni mzee wenu rekodi ya sauti za kule na mkae naye anapozisikiliza, kwa sababu atataja majina ambayo hakuyataja mara ya kwanza. Dawa za malaria ziendelezwe mpaka siku aliyosema daktari.